Ngano ya Nomikos

Kambi ya Nuseirat, Gaza
10 Julai 1945

Mdogo wangu Skevos,

Kama mkono uliofungua barua hii ni wako, kaa kitako kwanza, usisome umesimama. Sisi hatujambo. Mimi nipo, Irini yupo, ametimiza miaka sita na meno yake mawili ya mbele yamekwenda. Mama mkwe naye yupo. Macho yamemfifia hata ananitambua kwa mwendo tu, ila ulimi haujafifia hata chembe. Anakusalimu sana na anauliza kama mbuzi wake wangali hai. Nimemwambia, mama, Wajerumani wamekaa kwetu mwaka na nusu na zaidi, unauliza habari za mbuzi?

Tunaishi kwenye mahema, safu kwa safu, watu wa visiwa vyote wamechanganyika. Mchanga tunao wa kutosha: umo kwenye mkate, umo masikioni, umo vitandani. Lakini kuna shule, kuna padri wa kwetu, na kuna tanuri la mikate linalosimamiwa na Stamatis, yule wa karibu na kanisa la juu, aliyefiwa na mkewe tulipokuwa tukivuka kwenda Uturuki. Mkate wake ndio uliomweka hai mtoto huyu, siwezi kumnyima haki yake.

Haya, salamu zimetosha. Wewe na Nomikos mlitoka pamoja Septemba ya mwaka arobaini na tatu, mkaenda kisiwa cha Leros na mashua na mashine ya kuzamia, kwa sababu askari wa huko walitaka makombora yatolewe kwenye meli iliyozama ghubani. Muda si mrefu Wajerumani wakateremka kisiwani kwetu Kalymnos, nasi tukakimbia na nguo za mwilini. Tangu hapo sijasikia neno juu ya mume wangu. Kila anayefika kambini namuuliza. Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliniambia amekuona wewe sokoni huko nyumbani, unatembea kwa miguu yako miwili. Nikamuuliza, na Nomikos? Akainama kufunga kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Padri wetu ana karatasi mbili. Kila Jumamosi anasoma majina, ya wazima kwenye moja, ya marehemu kwenye nyingine, na sisi tunampelekea ya watu wetu. Jina la Nomikos sijalipeleka kokote. Irini aliniuliza, "Baba yuko karatasi ipi?" Nikamwambia nyamaza, uko kanisani.

Tena nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu: Stamatis amenitaka. Amekuja kwa adabu, kofia mkononi, akaanza kwa mama mkwe. Mama mkwe akamjibu, "Ngoja mwanangu afe kwanza, mbona una haraka hivyo?" Padri anasema akipata barua ya mtu aliyeshuhudia, atalimaliza jambo hili. Mtu huyo ni wewe. Niambie, mimi ni mke au ni mjane? Neno moja tu, Skevos.

Dada yako,
Themelina


Kalymnos
2 Septemba 1945

Dada yangu Themelina,

Barua yako imenifikia jana, imefunguliwa na kugandishwa tena na watu nisiowajua. Nimemshukuru Mungu kwa afya zenu. Mbusu Irini kwenye pengo. Mimi mzima, nimekonda, na sikio la kushoto halisikii vizuri tangu mabomu. Mwambie mama mkwe mbuzi mmoja yupo, yule jike mwenye pembe moja. Aliwashinda Wajerumani kwa mbio na sasa ananitawala mimi.

Nyumba yako imesimama. Paa la jikoni limeingia ndani, na dirisha moja nimelipigilia mbao kwa nje. Mlango ni ule ule wa buluu. Nauona kila asubuhi kutoka kwangu, si unajua ni hatua kumi tu kuvuka kichochoro. Nimeufuta chumvi.

Kazi yetu ya kuzamia sifongo mwaka huu hakuna, bahari imejaa mabomu yanayoelea na hakuna nahodha anayethubutu kwenda mbali. Wiki tatu nilikuwa Leros tena, nimeshika kamba ya mzamiaji kama zamani, tunatoa chuma kwenye manowari zilizolala ghubani. Wazamiaji wakipanda hawaongei. Mmoja alipovuliwa kofia ya shaba ya kuzamia alisema ameona viatu vya askari sitahani, jozi kwa jozi, vimesimama wima na ndani hamna watu. Akasema tena kwamba sifongo zimeanza kuota juu ya mizinga, laini, za daraja la kwanza. Nahodha akataka zikatwe. Wazamiaji wote watano walimtazama tu, hakurudia. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama fulani wa mbali, anainunua ile sifongo amwoshee mtoto wake.

Sasa lile uliloniuliza. Dada, sina barua ya kumwandikia padri wako. Nakuambia tu kwamba Leros ilikuwa vile watu wanavyosema, na zaidi. Kuna siku nimekaa jikoni mchana, nachambua maharage, na kamba inavutwa mkononi mwangu. Mara mbili, vile vile alivyokuwa akivuta shemeji akinihitaji. Nasimama, naenda. Sijui nikueleze vipi.

Usifanye haraka kurudi. Maji ni ya shida na unga tunapimiwa kwa kikombe. Huko mna mkate.

Mdogo wako,
Skevos


Nuseirat
18 Novemba 1945

Skevos,

Hatujambo, nasi tunakuombea usiwe na jambo. Mama mkwe aliicheka habari ya mbuzi mpaka akakohoa, na siku mbili nzima alikuwa akimsimulia kila mpita njia. Irini amejua kuandika jina lake. Ameliandika kwenye hema kwa makaa, nimemkaripia halafu nikaliacha. Mvua ya kwanza imeangusha mahema mawili, la kwetu bado limesimama.

Nilikuomba neno moja, umenipa mbuzi, mlango na viatu. Eti kamba inavutwa, unasimama, unaenda. Unaenda wapi? Kama ni marehemu anayekuvuta, nenda kwa padri akusomee. Kama hakufa, sema hakufa. Nani amekuziba mdomo?

Nikuambie kitu. Juzi nimemkuta Irini nyuma ya mahema, wenzake wamemfukia mchangani mpaka shingoni. Kichwa tu kiko nje, anacheka, nao wanamlisha mchanga kwa kijiko wanasema ni supu. Nilimtoa kwa nywele. Nilimpiga mpaka mama mkwe akaja akipapasa hewa anitafute mkono. Mtoto hakujua kosa lake, na mimi sikumwambia. Ningemwambia nini? Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau jinsi baba, naye mzamiaji, alivyofukiwa kila alipopandishwa mbio kutoka kina kirefu akatoka amepinda. Walimfukia mpaka shingoni ili mchanga wa moto umtoe maumivu, na mama amepiga magoti anamlisha. Mara ya tatu miguu haikurudi. Nilimwosha miaka tisa, Skevos, kuanzia nikiwa na miaka kumi na miwili. Kumgeuza, kumfuta, kumsikia akiniomba msamaha kila siku ya Mungu. Nilimpenda na nilimchukia. Alipokufa nililala usingizi siku mbili.

Nomikos alisema chochote juu yangu huko Leros? Juu ya asubuhi ile mlangoni? Kama hakusema, basi, usiniulize.

Stamatis ana kaka yake Alexandria mwenye tanuri. Anaondoka baada ya Pasaka, na anataka kutuchukua sote, mimi, Irini na mama mkwe. Si wengi ambao wangekubali kumbeba mama wa mume wa kwanza. Kwaresima hakuna ndoa, unajua. Basi nipe jibu kabla ya Kwaresima.

Dada yako,
Themelina


Kalymnos
9 Januari 1946

Dada yangu Themelina,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Irini na kwa mama mkwe. Nimeukata mkate wa mwaka mpya kama mama alivyotufundisha, kipande cha nyumba, kipande cha kila aliye mbali, na kwa mzaha nikamkatia mbuzi. Sarafu ya bahati inayofichwa ndani imetoka kwenye kipande cha mbuzi. Baridi ni kali na watu wanachoma madirisha ya nyumba zilizobomoka.

Nitakuambia yale ninayoweza.

Tulifanya kazi Leros zaidi ya wiki tano. Ndege zilikuja kila siku, nyingine zikishuka wima huku zinalia. Tulijua saa zao. Zikiondoka, shemeji anashuka. Ile meli ilikuwa imelala ubavu, pima ishirini, yeye anapanga makombora kwenye wavu na sisi tunavuta. Alishuka mara nne, mara tano kwa siku, na unajua mara mbili tayari ni nyingi. Askari wa mizinga walikuwa wakiyangoja ufukoni wayafute kwa mashati yao. Shemeji aliwatania, akawaambia wazipige ndege vizuri maana yeye hazamii mara mbili kwa kombora moja. Hawakuelewa lugha, lakini walicheka.

Tarehe saba Novemba, siku ya Jumapili, ndege zilikuja nje ya saa zao. Shemeji alikuwa chini kwa dakika arobaini. Bomu likianguka majini, dada, linamuua aliye chini hata likiwa mbali. Samaki walikuwa wakipanda matumbo juu, ghuba nzima ikawa nyeupe. Nikimvuta polepole inavyotakiwa, mashua inakaa pale pale ikingoja kupigwa. Nikimvuta mbio, unajua kinachompata. Watu wa pampu ya hewa walikuwa wanazungusha gurudumu huku wanalia. Nahodha alinitazama mimi, kwa kuwa kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Nilivuta. Nilivuta mbio, mkono kwa mkono, kama navuta ndoo kisimani. Alipofika juu tukamvua kofia ya shaba, akaniambia, "Skevos, umeniharakisha."

Tulikimbilia kighuba kidogo upande wa kaskazini. Nilimfukia mchangani kwa mikono yangu mwenyewe, nikakaa naye. Siku ya tano askari wa miavuli wakaanza kushuka, anga imejaa vitambaa vyeupe, na boti zikawashusha wenzao miambani chini ya mizinga. Nje ya ghuba manowari zilikuwa zinapigana, tukaona moto unatembea juu ya maji na maiti zinakuja na mawimbi zimevaa maboya. Ikawa hivyo siku tano, kisha kisiwa kikaanguka na ikawa kimya. Kimya kile ndicho ninachokiota.

Ulitaka neno la padri. Mwonyeshe hili: Nomikos aliyetoka mlangoni kwako hatapita tena mlango huo. Naapa kwa mifupa ya baba. Nakuletea kofia yake ya sufu, ile aliyokuwa akivaa ndani ya kofia ya shaba. Ni yeye aliyesema uletewe.

Mdogo wako,
Skevos


Nuseirat
25 Februari 1946

Mdogo wangu Skevos,

Mimi na Irini hatujambo kwa afya. Barua yako na kofia vimefika pamoja. Padri ameisoma mara mbili, akavua miwani, akasema inatosha.

Juzi ilikuwa Jumamosi ya Roho Zote. Nimemchemshia Nomikos ngano yake, ile inayoliwa kuwaombea marehemu. Sufuria niliazima, sukari na lozi alinipa Stamatis, komamanga sikupata nikatia zabibu. Niliandika herufi yake juu ya sukari kwa lozi, nikaipeleka kanisani na mshumaa umechomekwa katikati. Padri akasoma, "Nomikos," kwenye karatasi ya marehemu. Irini akaninong'oneza, "Kumbe yuko ile." Watu wakala, wakasema Mungu amsamehe.

Mama mkwe hakula. Kofia ameing'ang'ania tangu ilipofika, analala nayo. Kwenye ukingo kuna mahali pameshonwa upya, uzi mweupe wenye nguvu kama hariri, na yeye ameupapasa kwa vidole mpaka akatangaza kwamba huo ni mshono wa mwanawe, maana ni yeye peke yake aliyekuwa akirudisha sindano kushoto. Anasema alishona hivi juzijuzi. Nilimwambia alishona zamani, kabla hajazama. Akaniambia, "Themelina, umemchemshia ngano mtu anayekula." Tangu juzi anataka jina litolewe kwenye karatasi. Akili yake imechoka, maskini. Tumemwacha na kofia yake.

Sasa nitakuambia la mlangoni, kwa sababu naona alikuambia. Usingeniletea kofia kama hakukuambia.

Asubuhi ile nilimwomba asiende. Nilimwambia wale watakuzamisha mpaka upinde. Akacheka, akasema mgongo wake ni wa chuma. Kicheko chake kilikuwa cha baba, Skevos. Nikashika mlango, nikamwambia, "Ukirudi umepinda kama baba, usipite mlango huu. Sitaosha mwanamume mwingine. Afadhali waniletee kofia yako." Aliniangalia, akaivaa ile kofia vizuri, akaenda. Nimeletewa kofia. Mungu alisikia kila neno. Sifikirii kitu kingine, nikikanda, nikifua, nikimsuka Irini nywele, nasikia sauti yangu inasema afadhali.

Harusi ni Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe ishirini na nane Aprili. Nakuletea kwenye leso ngano kidogo niliyoikausha. Kula kwa ajili ya roho yake, wewe uliyemfukia.

Dada yako,
Themelina


Kalymnos
22 Machi 1946

Dada,

Safari hii mimi ndiye ninayekuambia ukae kitako. Salamu zitakuja mwishoni.

Ngano yako imefika jana. Niliweka leso mezani nikatoka kumkamua mbuzi. Niliporudi, leso ilikuwa wazi na Nomikos ameshakula vijiko vitatu. Akasema, "Hii ya nani? Haina komamanga."

Yu hai, Themelina. Yu hai, na miguu yote miwili imekufa.

Nikamsomea barua yako. Zako zote humsomea, yeye akitazama ukuta. Nilipofika mahali padri aliposoma jina lake aliacha kutafuna. Halafu akacheka, akasema, "Kumbe najila mwenyewe." Akaimaliza ngano yote, punje kwa punje, hakuniachia hata kijiko. Nikaendelea kusoma, mama yake na uzi, wewe na mlango. Ndipo akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata mchangani.

Nilimfukia akiwa hai. Niliuwashia mchanga moto kwanza upate joto, nikauchimba, nikamweka wima, nikamfunika mpaka shingoni kama walivyomfukia baba. Nilimtoa, nikamrudisha, siku nyingi. Miavuli iliposhuka alikuwa ndani, nami sikuwa na muda wa kumtoa. Nilimfunika kichwa kwa mwani, nikajificha nyuma ya jiwe. Askari watatu walipita. Mmoja alisimama akakitazama kile kichwa, na Nomikos akamtazama yeye bila kupepesa. Yule askari akafanya ishara ya msalaba, akaenda zake. Tangu siku hiyo Nomikos anasema amekwisha kuzikwa na ushahidi upo.

Uzi ni wa mwavuli uliotuangukia. Mama mkwe hana akili iliyochoka, vidole vyake vinaona kuliko sisi wenye macho. Mwambie. Mwambie kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Ile kamba niliyokuandikia ni kamba kweli. Inatoka kitandani kwake, inapita chini ya mlango, na mwisho wake nimeufunga mkononi mwangu. Mara mbili, ananihitaji. Nasimama, naenda. Naenda kumwosha.

Alisema, "Themelina aliomba kofia, mpelekee kofia." Aliniapisha kwa mifupa ya baba, na sikuapa uongo: hatapita mlango wako, kwa kuwa mwenyewe amekataa hata kuingizwa kwenye kivuli chake. Kalymnos nzima inajua; wiki zile tatu nilipokuwa Leros majirani ndio waliomwosha. Aliwaomba mmoja mmoja, na unajua watu wa kwetu hawamnyimi kitu mzamiaji aliyepinda. Ndiyo sababu yule mama alifunga kiatu kisicho na kamba.

Lakini dada, na mimi niseme langu. Nilipokuandikia nimemfukia mchangani, sikutaka kukudanganya, nilitaka ujue. Kuna mtu gani wa Kalymnos asiyejua kwa nini mzamiaji hufukiwa mchangani? Wewe mwenyewe ulikuwa umetoka kunikumbusha. Nilingoja uulize, hukuuliza. Sikulaumu. Nami nilisema nilivuta kamba kwa sababu ya mabomu chini ya maji. Nilivuta kwa sababu niliogopa kufa. Ndiyo yote.

Anasema nikuache uende Alexandria, Stamatis ni mtu mwema, na Irini atapata baba mwenye miguu. Anayasema hayo dirishani, macho yake kwenye mlango wa buluu. Barua hii naipeleka bila yeye kujua.

Nakusalimu, namsalimu Irini, na mama mkwe nambusu mikono.

Skevos


Nuseirat
25 Aprili 1946

Mdogo wangu Skevos,

Kristo amefufuka. Irini ni mzima, amekula mayai mawili mekundu ya Pasaka na kuficha la tatu. Barua yako imefika Jumanne, siku tano kabla ya harusi.

Mama mkwe hakuisikia. Tulimzika tarehe tisa ya mwezi huu, kifua kilijaa baada ya mvua za mwisho. Mpaka siku yake ya mwisho alikuwa ananisihi nikatoe jina la mwanawe kwa padri. Nikamwambia, "Mama, umechoka, lala." Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Alikufa anajua mwanawe yu hai, na hapakuwa na hata mmoja wetu wa kukaa naye katika kujua huko. Kofia nilimwekea mikononi, ameondoka nayo, iko kwenye mchanga wa Gaza. Wanawake wa mahema ya jirani wananong'ona kwamba ngano ikichemshwa kwa jina la mtu aliye hai haiendi bure, itamtafuta mwingine nyumbani. Nawaambia waache ujinga. Halafu nabaki peke yangu naitazama ile sufuria.

Nilikwenda kwa padri na barua yako. Alilikata jina la Nomikos kwa kalamu, kwenye mstari ule ule akaandika Kalotina, jina la mama yake. Irini alikuwa amesimama kiunoni kwangu anasoma. Safari hii sikumwambia anyamaze.

Stamatis nilimpa barua aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama mbele ya tanuri, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Mkate mkavu wa safari yenu utakuwa tayari Jumatatu, kabla sijaondoka." Kisha akageuka kutoa mikate, na nilimwona mkono wake umegusa chuma cha moto na hakuutoa upesi. Nitalibeba hilo pia.

Uliniambia sikuuliza. Kweli. Nilipofika kwenye neno mchanga nilijua, kwa muda mfupi sana, kama mtu anayeona uso dirishani. Nikaendelea kusoma haraka. Nilitaka awe amekufa kuliko awe amepinda, mara ya pili, bila hasira ya kuisingizia. Usimwambie hilo. Nitamwambia mwenyewe.

Sijui kama nimemsamehe. Kuna saa namtaka, kuna saa nataka kumpiga kama nilivyompiga Irini. Naogopa nitamchukia kama nilivyomchukia baba. Lakini uzito wa mwanamume asiye na miguu naujua, najua pa kuweka mkono na pa kuweka goti. Hilo hakuna wa kunifundisha.

Wanatuandikisha kwa meli ya mwezi wa sita. Siku utakaposikia imeingia bandarini, mbebe Nomikos, mvushe hizo hatua kumi, mkalishe kwenye jiwe mbele ya mlango wangu. Nje. Akikataa, mbebe hivyo hivyo anakataa. Mlango usiuguse, ufunguo ninao mimi, uko shingoni mwangu tangu Oktoba ile tulipokimbia. Nitafungua mwenyewe na nitamwingiza mwenyewe. Wewe kaa kando, usinisaidie hata nikiyumba.

Halafu ifungue hiyo kamba mkononi, nenda ukalale.

Dada yako,
Themelina, mke wa Nomikos